Kuacha franchaizi na kufungua yako, California

Kaka, umeuliza kama ukiacha franchaizi (biashara unayoendesha kwa jina na mfumo wa kampuni nyingine) ya usafi wa ofisi huko Sacramento, kampuni hiyo inaweza kukuzuia kufungua yako kwa miaka 2. Mkataba ukishaisha, kwa California katazo la namna hiyo kwa kawaida halina nguvu. Kifungu cha 16600 cha sheria ya biashara na taaluma ya jimbo hilo kinalibatilisha, isipokuwa mfano umeuza biashara yenyewe. Ungekuwa Texas, katazo lenye muda na eneo la kiasi lingesimama.

Siri za kampuni ni habari nyingine. Orodha ya wateja, bei zao, mwongozo wa kazi: usiondoke navyo hata kwenye simu, hapo ndipo watu hunaswa. Kuhusu masharti ya kuondoka, soma kipengele cha 17 cha hati ya maelezo ya franchaizi (FDD), ile ambayo kampuni inatakiwa kukupa siku 14 kabla ya kusaini.