Kabla ya kufundisha kompyuta, nenda ukaone kazi ya mteja

Vijana wengi huniuliza waanzie wapi wakitaka kufungua biashara ya kufundisha mawasiliano na teknolojia, kama ninavyofanya hapa Morogoro kwa vikundi, SACCOS (vyama vya akiba na mikopo) na wafanyabiashara wadogo. Wengi wanakuja wameshapiga hesabu ya projekta, viti na kodi ya chumba. Nawaambia waviache kwanza. Jina la biashara utasajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, namba ya mlipakodi utaipata TRA, mamlaka ya mapato, na vyote vinaombwa mtandaoni. Kitakachokuletea wateja wa kudumu ni kutompangia mtu somo lolote kabla hujakaa ofisini kwake ukaona anavyofanya kazi.

Mteja akipiga simu atasema, "Tunataka mafunzo ya kompyuta." Ukimtajia hapohapo bei ya siku tatu za Word na Excel, umemuuzia kitu ambacho hata yeye hajui kama anakihitaji. Nenda. Omba kuona daftari, risiti, na simu wanayopokelea oda.

Chukua karani wa SACCOS. Anaingiza marejesho ya wanachama kwenye Excel, kisha anavuta kikokotoo anajumlisha upya kwa mkono. "Mwalimu, hii programu mbovu, kila siku inaleta sifuri." Sogea uangalie safu yenyewe: kaandika 50,000/= kama alivyozoea kwenye daftari. Ile alama ya mwisho inaifanya Excel ione maandishi badala ya namba, na fomula ya kujumlisha, SUM, huyaruka maandishi. Tarehe nazo kaziandika kwa nukta, 3.5.2024, na kwenye kompyuta nyingi hazitambuliki kama tarehe, hivyo akizipanga zinavurugika. Mambo hayo mawili mnayamaliza asubuhi moja, kwenye faili lake mwenyewe, na kikokotoo kinarudi droo. Mtu huyo akisikia jirani anatafuta mwalimu, jina lako ndilo atakalolitaja.

Ila ukishaona hesabu za watu, usiondoke nazo kwenye flashi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata bila sheria, deni la mwanachama si mali yako. Mimi hutengeneza faili la mazoezi lenye majina ya kubuni. Kwa hili silegezi kamba kwa mteja yeyote.

Upande wa mawasiliano ni vilevile. Akina mama wanaofungasha viungo vya Milima ya Uluguru, iliki, karafuu na mdalasini, waliomba mafunzo ya masoko ya mtandaoni. Niliomba kwanza wanionyeshe picha wanazowatumia wateja WhatsApp. Paketi iko mezani chini ya taa, plastiki inameremeta, lebo haisomeki, na picha yote ina ukungu kwa sababu ya mafuta ya vidole kwenye kamera. Tulifuta kioo kwa ncha ya kanga, tukazima taa, tukahamishia meza karibu na mlango. Kisha chini ya picha tukaandika uzito, bei, na nani analipia usafiri, maana kila usichokiandika mteja atakiuliza, na mama wakati huo yuko shambani, hana muda wa kujibu. Matangazo ya kulipia yalisubiri. Nayaona mafunzo mengi yakikimbilia huko mapema, na hela ya kikundi inaishia kutangaza picha isiyoonekana.

Somo lako lisitegemee intaneti. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya SEACOM na EASSy, yaani nyaya za intaneti zinazopita chini ya bahari, ilipata hitilafu na mtandao ukayumba nchi nzima. Mwenye mafaili yake kwenye flashi aliendelea kufundisha.

Kwenye malipo, toza kwa kazi itakayokamilika, uandike kabisa kwenye makubaliano ni kazi gani, na nusu ilipwe kabla hujaanza. Nauli ya ile ziara ya kwanza iingie kwenye ankara. Taasisi itakukata kodi ya zuio, ile inayokatwa kwenye malipo kabla hayajakufikia, ya asilimia 5: ipigie hesabu mapema na udai cheti cha zuio, kwa kuwa kiasi hicho kinahesabiwa kwenye kodi yako ya mwaka.

Kisha panga kurudi, baada ya mwezi hivi, na siku hiyo iwe ndani ya bei. Ukifika usifundishe. Omba faili la mwezi uliopita. Likiwa limejazwa, uliza wanakwama wapi sasa, hapo ndipo somo linalofuata linapotokea. Wakiwa wamerudi kwenye daftari, kaa na karani faragha, siyo mbele ya mwenyekiti, akueleze sababu. Mara nyingi utakuta somo alilielewa vizuri, ila kompyuta imehamishiwa chumba kingine na ufunguo anao mtu mwingine. Hilo ni la kuzungumza na uongozi siku hiyohiyo.