Muulize Fundi: Dereva wa fuso anafaa kupewa trekta?

Swali: Shikamoo fundi. Niko Nachingwea, nimenunua trekta ya mtumba, nataka msimu huu wa ufuta nilime langu afu nikodishe kwa wengine. Mpwa wangu ameendesha fuso miaka mingi, anasema trekta ni gari tu nimpe ufunguo aanze kazi. Mume wangu hataki, anasema aende akasome kwanza. Mi naona hiyo ada ni dizeli ya kulimia ekari kadhaa. Tushauri. – Mama Trekta

Jibu: Marahaba mama, hongera kwa chombo. Kwenye hili niko na shemeji yangu, mpwa akasome. Fuso imemsaidia gia, klachi na kuvuta mzigo, basi, vingine vyote vinavyoua watu kwenye trekta hajawahi kukutana navyo.

Anza na breki. Mwambie akae kwenye kiti aangalie chini mguu wa kulia, ataona pedeli mbili badala ya moja, kila moja inashika tairi lake la nyuma. Shambani unakanyaga moja ili ukate kona fupi mwisho wa tuta. Sasa ukiingia barabarani kuna kichuma kidogo pale cha kuzifunga ziwe kitu kimoja, na hicho ndo watu wanasahau, yani mtu katoka shamba anashuka na tela limejaa magunia, anakanyaga breki kama alivyozoea kwenye fuso, tairi moja linashika lingine linaenda, trekta inajikata na kulala. Dereva mzuri kabisa, uzoefu wote anao, na bado.

Afu kuna PTO, ile shafti ya nyuma inayozungusha mashine ya kupukuchulia na nyinginezo. Spidi yake ya kawaida ni mizunguko 540 kwa dakika, piga hesabu mwenyewe, mara 9 kila sekunde. Ikidaka ncha ya kanga au mkono wa koti huna muda hata wa kupiga kelele. Trekta nyingi za mtumba zinafika huku kava ya shafti imeshavunjika au haipo kabisa, na watu wanafanya kazi hivohivo. Wewe nunua kava kabla hujanunua rangi. Na sheria ya shamba lako iwe hii: hakuna anayeruka shafti inayozunguka, hakuna anayezibua mashine injini inanguruma, anayetaka kugusa kitu huko nyuma azime kwanza na ufunguo uwe mfukoni mwake yeye.

Jingine ni visiki, maana najua mtataka kung'oa mikorosho mizee. Mnyororo unafungwa kwenye droba, ile pau ya chuma ya kuvutia iliyo chini kwa nyuma. Ukiufunga juu, kisiki kikigoma trekta inanyanyua pua na kumlalia dereva kwa nyuma, na inachukua kama sekunde moja na nusu hivi, hakuna mwanadamu wa kuwahi klachi hapo. Ndo maana kuna ile fremu ya chuma nyuma ya kiti. Sweden walilazimisha trekta mpya zote ziwe nayo tangu 1959 na vifo vya kupinduka vikashuka sana. Ila fremu bila mkanda ni nusu kazi, unaweza kurushwa nje ikakuangukia yenyewe. Huku kwetu watu wanaikata kabisa kwa sababu matawi ya mikorosho yako chini, jamani msiikate! Kama ni ya kukunja, ikunje ukiingia chini ya miti, na muda huo usifunge mkanda, ukitoka tu isimamishe ufunge.

Utingo juu ya madigadi hapana. Kiti kimoja, mtu mmoja, hata kama ni mtoto wa mwenye trekta.

Kuhusu chuo, ulizeni VETA Mtwara au VETA Lindi kozi zinazopatikana kwa sasa, na popote mtakapokwenda muulize hivi: anakaa saa ngapi kwenye chombo chenyewe, na anafundishwa kufunga na kufungua jembe, haro ya kuvunjia mabonge na tela au ni kuzunguka uwanja tu? Wakijibu ni kuzunguka uwanja, tafuta pengine. Na leseni ya fuso siyo ya trekta, aongeze daraja linalohusika. Tena ukishamlipa mpwa wako wewe ni mwajiri, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inakugusa, na mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, WCF, nao unakugusa. Undugu haufuti hilo.

Wazee wa hapo kwenu watakumbuka Mpango wa Karanga wa Waingereza, trekta kibao, mpango ukafutwa 1951. Sababu zilikuwa nyingi, mvua, udongo, lakini mojawapo ni mashine kupewa watu waliofundishwa juujuu.

Swali: Fundi, blowa yangu ya kubeba mgongoni, ya kupulizia mikorosho salfa, imewaka moto nikiwa naongeza petroli. Mzigo mbovu au? – Newala

Jibu: Pole kaka. Uliongeza injini ikiwa ya moto, sivyo? Petroli ikimwagikia egzosi imekwisha hiyo, na vumbi la salfa nalo linashika moto. Zima, tua chini, kunywa maji, ipoe ndo umimine, na sigara iwe mbali. Kama ipo baridi na bado inavujisha, angalia mpira wa mafuta.

Swali: Nina powatila, ile trekta ndogo ya magurudumu mawili ya kuongoza kwa mikono, huku Kitere, kwenye majaruba inanitii vizuri, ila nikishuka mteremko na kitela nikibana klachi ya kushoto inaenda kulia. Nimeshaingia mtaroni. Wenzangu wanasema imelogwa.

Jibu: Mwacheni mganga apumzike mjomba. Kwenye tambarare ukibana klachi ya kushoto gurudumu la kushoto linakosa nguvu, la kulia linasukuma, unakata kushoto. Kwenye mteremko mzigo ndo unaisukuma powatila na injini ndo inazuia, kwa hiyo gurudumu ulilolibania klachi linaachiwa huru linakimbia, la upande wa pili bado limeshikwa na injini, lazima pua ielekee kulia. Ziko hivyo zote. Dawa ni kuingiza gia ndogo kabla hujaanza kushuka, usibadilishe katikati, usiguse zile klachi za kukatia kona, ongoza kwa kusukuma mikono ya powatila taratibu, na punguza mzigo, magunia mengine rudi uyafuate.