Pweza mpya wa tangini anajificha na hataki kula: ufanyeje?

Unasema pweza wako mpya amejificha siku nne, hataki kula, na amegeuka mweupe. Siku nne za kujificha bado si ugonjwa, ndugu. Pweza aliyehamishwa anaweza kukaa pangoni hata wiki nzima. Ila hiyo rangi nyeupe uliyoitaja, ikidumu kutwa, anza na maji kabla hujamlaumu mnyama.

Pima amonia na nitraiti, sumu zitokanazo na uchafu wa mnyama majini: zote ziwe sifuri. Chumvi iwe kama gramu 35 kwa lita. Tangi likiwa na wiki chache tu tangu lijazwe, bakteria wa kusafisha uchafu hawajatosha, na pweza huchafua maji kuliko samaki. Badilisha robo ya maji leo, pima tena kesho. Dawa za samaki zenye shaba usiziguse kabisa, zitamuua.

Chakula: mpe kaa mdogo aliye hai jioni, taa zikiwa hafifu. Asipomla usiku ule, mtoe huyo kaa. Ukiona amenyoosha mkono mmoja kutoka pangoni, ncha ikipapasa mchanga taratibu, ana hamu, usimsogelee.

Kukurushia maji kwa ule mrija wake ni kukufukuza, au mchezo akishazoea. Wino ni jambo jingine: akiumwaga, badilisha maji mara moja, maana ukibanwa kwenye tangi dogo huziba mashavu yake ya kupumulia.

Na mfuniko ufungwe kwa vibano. Tundu linalopitisha mdomo wake mgumu linampitisha mzima.

Kama ni jike na ametaga, hapo kutokula ni kawaida. Hilo halirekebishiki.