Unaambiwa nyota si za wasio na darubini? Nisikilize mimi

Wiki hii msomaji mmoja ameniuliza: "Kaka, nataka kusomea nyota zinazokaribia kufa, ila darubini sina. Nianzie wapi?" Swali limenichoma, maana mhadhiri mmoja aliwahi kuniambia mbele ya darasa zima kwamba hayo ni ya wenye darubini kubwa kama zile za Chile, mimi nitafute kitu kingine. Mpaka leo inaniuma.

Mwishoni mwa 2019, Betelgeuse, mojawapo ya nyota hizo, ile nyekundu begani mwa kundi la nyota la Orioni, ilianza kufifia. Nilikuwa Nanyuki. Hapo kwenye ikweta Orioni hupita karibu na utosi, kwa hiyo Februari 2020, saa mbili usiku, nilikuwa nikilala chali mkekani kuilinganisha na Bellatrix, bega la pili. Kwa kawaida Betelgeuse huiacha mbali. Mwezi ule zilitoshana. Nikaandika namba ya mwangaza ya Bellatrix, 1.6; kawaida ya Betelgeuse ni kama 0.5, na namba ikipanda nyota imefifia. Wenye vyombo vikubwa nao walipata 1.6. Kwa macho yangu matupu!

Maelezo yalikuja baadaye. Nyota hii imevimba mno hata mvutano wake hauwezi kuishika vizuri gesi ya nje. Ndani inatokota, nayo yenyewe hutanuka na kunywea kwa kama siku 400. Mwaka 2019 ilitema gesi nyingi, darubini ya angani ya Hubble ikaiona ikitoka. Ilipopoa ikawa vumbi, likaikinga nyota upande wa kusini. Hivyo ndivyo nyota hizi zinavyojizungushia gesi na vumbi, na siku nyota inapokufa kwa mlipuko, hayo ndiyo hupigwa kwanza. Mei 2023, nyota SN 2023ixf ilipolipuka katika galaksi ya M101, mwanga wa siku za mwanzo ulifichua gesi nzito iliyokuwa imemwagwa muda mfupi tu kabla.

Sasa wewe, usiikodolee nyota nyekundu. Ukiikazia macho itaonekana inang'aa kuliko ilivyo. Itupie jicho, hamia ya pili, rudi. Linganisha nyota zilizo kimo kimoja juu ya upeo wa macho. Andika namba yako kabla ya kuona za wenzako. AAVSO, chama cha Marekani cha watazamaji wa nyota zinazobadilika mwanga, hupokea makadirio ya macho kutoka popote, na haimwulizi mtu shahada.

Vijana, msimpe mtu ruhusa ya kuwafungia anga! Kifaa kitakuja, ila usiku uliopita bila kuandikwa haurudi. Kuanzia Desemba Orioni huonekana jioni. Weka tarehe, saa na nyota ulizolinganisha nazo; namba isiyo na hayo haimfai mtafiti yeyote.