Kabla ya Kusema Protini Imesafirishwa Hadi Kwenye Kiini: Ushauri kwa Wanaoanza Maabara

Kwa ninyi mnaoanza utafiti wa baiolojia ya seli, jambo ninalotaka mlishike mapema ni kwamba kuiona protini ndani ya kiini hakuthibitishi kuwa imesafirishwa. Matundu ya utando wa kiini huziruhusu molekuli ndogo kupita zenyewe, na kizuizi huwa kikali kadiri ukubwa unavyokaribia kilodaltoni 40 (kilodaltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli). GFP, protini ya kijani inayong'aa ambayo wengi huanza nayo, ina kilodaltoni 27 tu, kwa hiyo hupenya bila kubebwa. Tena, vipande vyenye asidi amino za laisini na arginini kwa wingi hunata kwenye DNA na RNA, na mng'ao unaweza kujikusanya kiinini kwa sababu hiyo pekee. Basi kipande unachodhani ni ishara, yaani mfuatano unaoifanya protini ipelekwe kiinini, kiunganishe na mzigo mkubwa, kwa mfano albumini ya kilodaltoni 66 au GFP tatu zilizofuatana.

Baada ya hapo, iharibu ishara yenyewe. Mfano bora ni antijeni kubwa T, protini ya virusi vya nyani viitwavyo SV40, ambayo ishara yake ina asidi amino 7 tu. Mwaka 1984 ilionyeshwa kwamba laisini ya nafasi ya 128 ikibadilishwa kuwa threonini, protini hiyo hubaki kwenye saitoplazimu. Mimi sikubali dai lolote la usafirishaji lisilo na jaribio la namna hii.

Jifunzeni pia nishati hutumika wapi, maana wengi hudhani kwamba GTP, molekuli inayobeba nishati, ndiyo inayosukuma mzigo tunduni. Importini ni protini wabebaji: importini alfa huitambua ishara, importini beta hushikana na alfa, na kundi zima huvuka kwa beta kugusana na protini zinazoujaza mlango. Likifika ndani, protini ndogo iitwayo Ran, ikiwa imebeba GTP, huishika beta na mzigo huachiliwa. Ran ya aina hiyo ni nyingi kiinini kwa kuwa protini RCC1, inayoipa GTP, imeshikamana na kromatini (DNA pamoja na protini zake), ilhali protini RanGAP, inayochochea kuvunjwa kwa GTP, iko nje. Nishati hulipia tofauti hiyo kati ya ndani na nje, na tofauti hiyo ndiyo inayoupa usafirishaji mwelekeo.

Haya yote mnaweza kuyapima kwa mbinu iliyochapishwa na Adam, Marr na Gerace mwaka 1990. Digitonini, kemikali inayoshika kolesteroli, hutoboa utando wa nje wa seli, wenye kolesteroli nyingi, na kuuacha utando wa kiini mzima. Saitoplazimu huoshwa, kisha unarudisha dondoo la saitoplazimu, nishati na mzigo unaong'aa. Andaa pia sampuli isiyo na dondoo, nyingine iliyowekwa kwenye barafu, na nyingine yenye lektini (protini inayonata kwenye sukari) ya kiinitete cha ngano, ambayo huziba matundu. Digitonini ikizidi kidogo, hutoboa hata kiini, na hapo kila kitu kitaonekana kimeingia. Kwa hiyo, katika kila jaribio, tenga sampuli moja uitie dekstrani (molekuli kubwa ya sukari) ya kilodaltoni 70 inayong'aa, ambayo haipaswi kuingia kiinini. Chini ya hadubini, viini vizima huonekana kama duara nyeusi katikati ya mng'ao; vikiwa vimejaa mwanga, punguza digitonini na urudie jaribio lote, hata kama sampuli zako nyingine zimetoa picha nzuri.