Kisigino kinachochoma hatua ya kwanza asubuhi

SWALI: Habari mtaalamu. Nina miaka 46, nauza vitenge hapa Morogoro, siku nzima nimesimama kwenye sakafu ya saruji na kandambili. Mwezi wa tano sasa kisigino cha kulia kinanichoma nikiamka. Nikitembea kidogo kinapoa, jioni kinarudi. Eksirei imeonyesha mfupa umeota. Maji ya moto hayanisaidii. Nipasuliwe?

Msomaji, Morogoro

JIBU: Salama, dada. Upasuaji uweke mbali kwanza. Kijifupa hicho huonekana hata kwa watu wasioumwa kabisa. Dalili zako ni za ukanda mgumu unaotoka kisiginoni hadi kwenye vidole, ambao umechoka pale unaposhikana na mfupa. Usiku hujikunyata, hatua ya kwanza unauvuta ghafla.

Basi anzia kitandani. Kabla hujakanyaga, weka mguu unaouma juu ya goti la pili, vuta vidole vyote kuelekea ugoko. Ukibonyeza chini ya unyayo usikie ukanda umekaza kama kamba. Kama hujausikia, bado hujavuta vya kutosha. Hesabu hadi 10, achia, rudia mara 10. Fanya hivyo mara 3 kwa siku.

Dawa yenyewe iko kwenye ngazi. Viringisha taulo, lilaze kwenye kidato, vidole vikae juu yake vikiwa vimeinuka, kisigino kining'inie nje. Shika ukuta. Kwa mguu mmoja, panda kwa sekunde 3, tulia 2, shuka kwa 3. Mara 12, seti 3, siku moja ndiyo, siku moja pumzika. Ukishindwa, anza na miguu yote miwili. Baada ya wiki 2 vaa begi la mgongoni lenye vitabu, uzito ambao mara ya 10 unaimaliza kwa taabu, seti 4. Wiki 2 nyingine, ongeza uzito: mara 8, seti 5.

Wengi huharibu kwa kuharakisha, au kuliacha taulo. Bila taulo ukanda haukazwi, zoezi linaishia kwenye shavu la mguu. Maumivu kiasi unapofanya si neno. Yakizidi kesho yake asubuhi, punguza mzigo, usiache. Hesabu miezi 3, si wiki.

Dukani vaa raba zenye soli nene. Kandambili ibaki bafuni.

Ila ukipata ganzi, kisigino kikivimba na kupata joto, au maumivu yakikuamsha usiku, acha mazoezi uende hospitali.