Mti wangu wa kroshia unaegemea upande mmoja

SWALI: Shikamoo mama fundi. Niko Mafinga. Nataka mti mdogo wa Krismasi wa kroshia niuweke juu ya kabati la tivii, maana ule wa plastiki unakula nafasi na watoto wanaunyofoa. Nimejaribu mara tatu. Wa kwanza ulilala bapa kama kitambaa cha kufunikia jagi. Wa pili ulianza vizuri, huku chini ukajaa mawimbi kama gauni la marinda. Wa tatu umesimama, ila umeegemea upande, nikiuachia unaanguka. Naongeza mafundo pale ninapoona panabana. Uzi nimeufumua kwenye sweta la mtumba. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimecheka kidogo: mtu anaishi Mafinga, mipaini ya shamba la miti la Sao Hill imemzunguka, halafu anahangaika kufuma mti wa uzi! Lakini nakuelewa, huo wa uzi hautapukutisha majani yake ya sindano kwenye kapeti.

Kosa umelitaja mwenyewe: "pale ninapoona panabana". Mkono ukichoka panabana, ukipumzika hapabani, na mara nyingi panapobana ni upande uleule. Upande huo ukapata mafundo mengi ukavimba, wa pili ukabaki na machache. Mti wako wa tatu hauna ugonjwa mwingine. Kuongeza ni kwa kuhesabu.

Nieleze hesabu yenyewe, kwa sababu ukiielewa hutahitaji kunakili mtindo wa mtu. Nazungumzia fundo fupi: unachomeka sindano, unavuta uzi, unapata vitanzi viwili, unavuta tena kupitia vyote viwili. Fundo hili upana na urefu wake vinakaribiana. Ndiyo maana ukiongeza mafundo 6 kila mzunguko kazi inalala bapa. Hiyo ndiyo ajali yako ya kwanza. Ukiongeza zaidi ya 6 kila mzunguko, ukingo unakosa pa kukaa unaanza kujikunja. Hayo ndiyo mawimbi yako. Ukiongeza kidogo kuliko hapo, kazi inainuka na kuwa pia, yaani umbo la koni. Ukiongeza 6 mzunguko mmoja na kuruka mmoja, upana wa chini utalingana na urefu wa ubavu, na mimi naona huo unafanana na kichuguu. Mpaini mchanga ni mwembamba zaidi. Ongeza 6 mara moja katika kila mizunguko mitatu, upana wa chini utakuwa kama theluthi mbili ya ubavu.

Basi anza na vitanzi viwili vya mnyororo, kwenye kile cha kwanza ulichofunga piga mafundo 6. Zunguka mara mbili zaidi bila kuongeza. Mzunguko wa 4 weka mafundo mawili kila mahali, upate 12, halafu miwili mitupu. Wa 7 unafika 18, wa 10 unafika 24, na kuendelea hivyo hadi wa 28 unapofika 60. Malizia miwili mitupu. Jumla mizunguko 30. Kama fundo lako ni nusu sentimita, utapata ubavu wa sentimita 15 na kitako cha karibu sentimita 10, saizi nzuri kwa kabati la tivii.

Sasa sikiliza hapa. Kwenye mzunguko wa kuongeza, nyongeza zote sita zigawane duara sawasawa. Ukitoka 12 kwenda 18, ni fundo moja, kisha mawili mahali pamoja, moja, mawili, hadi mwisho. Mzunguko wa kuongeza unaofuata usianzie palepale. Sogeza nyongeza ya kwanza ikae katikati ya zile za chini yake. Zikipandana utapata mapembe sita, mti uwe kama penseli. Na kwa kuwa unazunguka bila kufunga, hutajua mzunguko umeanzia wapi. Laza kipande cha uzi mwekundu kwenye fundo la kwanza na ukihamishe kila ukifika. Wanafunzi wangu hapa Mbeya wanaona hilo ni la wanaoanza. Mimi nimefuma miaka mingi na uzi mwekundu ninao mfukoni.

Uzi wa mtumba hauna shida, hata mimi nauchagua soko la Mwanjelwa nikipata wa kijani kizuri. Shida ni ule mkunjo kama wa nywele zilizofumuliwa. Ukiufuma hivyo, fundo moja linakaza, la pili linalegea, na hesabu yako yote inayumba. Uzungushie mgongo wa kiti, funga fungu sehemu nne, loweka maji ya vuguvugu yenye sabuni, suuza, tundika huku umening'iniza chupa ndogo ya maji kwa chini. Desemba kwenu ni mvua, kwa hiyo tundika kwenye baraza na uvumilie mpaka ukauke kabisa. Sindano chukua ya milimita 3. Kazi ikilegea pamba ya kujazia itachungulia.

Hukuuliza kuhusu matawi, ila najua swali linakuja. Kila mzunguko wa kuongeza, usichomeke kwenye nyuzi zote mbili za juu ya fundo, chomeka wa nyuma tu. Ule wa mbele utabaki wazi kuzunguka mti. Ukimaliza kufuma hiyo koni, kabla hujajaza pamba, ishike ncha ikielekea kifuani kwako, unga uzi, na kwenye kila uzi ulioachwa weka mafundo marefu mawili, yale ya kuzungusha uzi mara moja kwenye sindano kabla ya kuchomeka. Ukishika kinyume matawi yataangalia juu, na hutaelewa kwa nini. Safu ni 9, sehemu za kuchomeka 270, mafundo marefu 540. Sijakwambia ni kazi ya jioni moja. Uzi wa sweta ukiisha, malizia safu za juu kwa kijani kingine. Mti wa kweli nao una machipukizi yenye rangi yake.

Kujaza: pamba ya mito au mabaki ya nyuzi, anza na ncha kwa kusukuma na mpini wa kijiko. Usijaze mchele wala maharage, panya watakushukuru. Karibu na chini weka jiwe safi, kavu, la kujaa kiganja, kisha duara la boksi gumu, ndipo ushone kitako. Na umeme ukikatika, mshumaa ukae mbali nao. Nyuzi nyingi za masweta ni za plastiki, zinayeyuka na kuwaka.

Kitako chenyewe huna haja ya kukifuma upya. Kile kitambaa cha jagi chako cha kwanza, hesabu mafundo ya ukingoni. Yakizidi 60, fumua mizunguko ya nje mpaka ufike hapo, kisha kishone chini ya mti.